Kiti cha Modise na damu ya Zuurbekom

Alfajiri ya Jumamosi, Julai 11, 2020, watu wenye silaha walivamia makao makuu ya kanisa la International Pentecost Holiness Church (IPHC) huko Zuurbekom, magharibi mwa Johannesburg, Afrika Kusini. Waliwaambia waliowakuta ndani kwamba wamekuja kuchukua eneo. Watu watano waliuawa. Wanne kati yao walikutwa wamepigwa risasi na kuteketezwa ndani ya magari, na wa tano alikuwa mlinzi. Polisi waliwaokoa mateka, wakiwemo wanawake na watoto, na kukamata watu wapatao 40 pamoja na bunduki zaidi ya 30. Miongoni mwa waliotiwa pingu walikuwemo askari polisi, wanajeshi na watumishi wa magereza. Kwa waumini wa IPHC, Jumamosi ndiyo siku ya ibada.

Shambulio hilo lilizaliwa na ugomvi wa ndani ya kanisa, na ukitafuta hoja ya mafundisho katika ugomvi huo utachoka bure. Hakuna aliyebishania ubatizo wala uponyaji. Kilichogombewa ni kiti cha uongozi.

Frederick Modise alilianzisha kanisa hilo Soweto mwaka 1962, baada ya kuugua sana na kusema kuwa Mungu alimponya na kumpa kazi. Alipofariki mwaka 1998, kiti kikaenda kwa mwanawe, Glayton. Hapo mfano ukawa umewekwa: baba akiondoka, anakaa mwana. Glayton naye akafariki Februari 2016, na safari hii wakajitokeza watatu: Tshepiso na Leonard, wanawe, na Michael Sandlana, anayesema naye ni damu ya marehemu. Kanisa linalojihesabia waumini milioni 3 likapasuka vipande vitatu. Kesi zikaenda mahakamani, na tuhuma za zaidi ya randi milioni 100 kutoweka zikamwaga petroli kwenye moto.

Makanisa ya Kipentekoste yamezoea kugawanyika, na mimi sioni kuwa hilo peke yake ni balaa. Hapa kwetu Tanzania, mhubiri Moses Kulola aliachana na kanisa la TAG akaanzisha lake, EAGT, mwaka 1991. Maneno yalisemwa, wachungaji walichagua upande, ndugu walisali makanisa tofauti; lakini kila upande ulipata pa kusimama, na leo yote mawili ni makanisa makubwa. Kulola alikufa mwaka 2013 akiwa askofu mkuu wa kanisa lake.

Zuurbekom hapakuwa na njia hiyo. Mtumishi anaweza kuondoka na Biblia yake na nusu ya kwaya, akafungue tawi chini ya mwembe. Hawezi kuondoka na nusu ya kiti ambacho waumini wamefundishwa kwamba Mungu husema kupitia yeye aliyekikalia. Kiti hicho ndicho kinachofungua hekalu, hazina na jina la kanisa kwa pamoja. Anayekikosa amekosa vyote, ndiyo maana hakuna aliyekuwa tayari kusema basi.

Wapo watakaosema dawa ni katiba. Inasaidia, ila haitoshi. Kanisa la Apostolic Faith Mission nchini Zimbabwe lilikuwa na katiba na vikao vyake, na bado makundi ya Aspher Madziyire na Cossam Chiangwa yalivutana kuhusu mabadiliko ya katiba hiyohiyo hadi Mahakama ya Juu ilipoamua mwaka 2021 kwa upande wa Madziyire. Hata hivyo, waliopelekana mahakamani walikuwa na maandishi ya kumwekea jaji mezani. Ndoto na maono hayana muhuri.

Basi wewe unayetoa fungu la kumi, kabla ya harambee nyingine ya ujenzi, uliza mambo matatu. Hati ya kiwanja imeandikwa jina la nani? Wadhamini wa kanisa waliosajiliwa RITA, wakala wa serikali, ni akina nani, na wangapi kati yao ni wa familia moja? Askofu akifa usiku wa leo, kesho nani anaitisha kikao, na kwa kifungu gani? Uliza sasa, mzee angali hai na ana nguvu za kujibu. Wakikuambia una roho ya uasi, omba walijibu kwanza swali la kiwanja.