Bia ya hopsi mbichi: Utamu wa wiki chache, hasara ya anayechelewa

BIDHAA nyingi za mazao zina nafasi ya kusubiri bei. Kahawa hukaa ghalani, karafuu hukaa kwenye magunia, na hata kitunguu kikianikwa vizuri huweza kumvusha mkulima miezi kadhaa hadi soko likae sawa. Bia inayotengenezwa kwa hopsi mbichi haina subira hiyo. Malighafi yake huanza kuharibika ndani ya siku moja tangu kuvunwa, na yenyewe ikishajazwa kwenye chupa huanza kupoteza kile hasa alicholipia mnunuzi.

Bia hiyo hutengenezwa mara moja tu kwa mwaka, kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi mwishoni mwa Septemba, wakati wa mavuno ya hopsi katika bonde la Yakima, jimbo la Washington, kaskazini-magharibi mwa Marekani. Jimbo hilo pekee hutoa zaidi ya theluthi mbili ya hopsi zote za nchi hiyo, na karibu zote hutoka katika bonde hilo moja. Kinachotokea Yakima katika majuma hayo machache hufuatiliwa na watengenezaji wa bia kila pembe ya dunia.

Kwa asiyezifahamu, hopsi ni maua ya mmea unaotambaa, unaopandishwa kwenye kamba hadi kimo cha mita tano na nusu hivi. Ua lenyewe ni la kijani, lina magamba laini, na ukilipasua kwa kidole unakuta unga wa manjano unaonata kama utomvu. Unga huo uitwao lupulini ndio unaoipa bia uchungu na harufu. Sehemu iliyobaki ni jani na maji. Katika kila kilo 100 za hopsi zilizotoka shambani, kati ya kilo 75 na 80 ni maji matupu.

Ndiyo maana wakulima hawalazi mzigo. Hopsi mbichi zikirundikwa hupata joto zenyewe, kama lundo la majani mabichi, na kesho yake zimeanza kunuka. Mashine za kuchambua maua hufanya kazi usiku na mchana, na mzigo huingizwa kwenye matanuri ya kukaushia hadi maji yabaki asilimia 10 au chini yake. Kisha hushindiliwa kwenye marobota ya kilo 90 hivi na kupelekwa kwenye maghala yenye ubaridi. Sehemu kubwa husagwa na kushindiliwa tena kuwa vidonge vidogo, au hukamuliwa mafuta yake. Kwa sura hizo ndipo hopsi husafiri duniani, na ndizo zinazofika katika viwanda vya bia vya Dar es Salaam na Nairobi.

Anayetengeneza bia ya hopsi mbichi huruka hatua zote hizo. Lori husimama mlangoni mwa mashine ya kuchambua, hupakia maua yakiwa bado na unyevu, na huondoka saa hiyo hiyo. Kiwandani, maji matamu ya kimea, ambayo ni ndugu wa togwa, huwa yameshaanza kuchemka kabla lori halijafika. Lori likiharibika njiani hakuna bia.

Hesabu yake nayo inamtisha mwenye mtaji mdogo. Kwa kuwa hopsi mbichi ni maji kwa sehemu kubwa, zinahitajika kilo tano au sita kufanya kazi ya kilo moja ya zilizokaushwa. Pipa ambalo lingetosheka na kilo 10 za kavu linadai kilo 50 hadi 60 za mbichi, na mzigo huo hujaza chombo na kunywa sehemu ya bia yenyewe. Mnunuzi anayelinganisha bei ya kilo ya mbichi na ya kavu bila kuzidisha kwa tano amejidanganya kabla ya kuanza.

Swali linalobaki ni kama ladha inayopatikana inalipa gharama hiyo.

Glasi ya peli-eli ya msimu iliyotoka kiwandani wiki mbili au tatu zilizopita haijifichi. Rangi yake ni ya shaba iliyosuguliwa, mara nyingine ina ukungu mwembamba, na povu lake jeupe hushika ukuta wa glasi kila bia inapopungua. Pua ndiyo inayopata habari kwanza. Harufu ni ya majani yaliyokatwa asubuhi, ganda la chenza likiminywa, mchaichai kidogo, na nyuma yake utomvu wa msonobari. Aina ya hopsi hubadilisha picha. Cascade, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1972, huleta balungi na maua. Centennial ya mwaka 1990 huleta limau na uzito zaidi. Citra, iliyoingia sokoni karibu na mwaka 2008, huleta embe na matunda ya aina hiyo, na ndiyo inayopendwa zaidi na wanywaji vijana.

Anayeonja kwa mara ya kwanza hutarajia uchungu mkali kwa sababu ameambiwa hopsi ni nyingi. Badala yake hukuta uchungu mpole, wa mviringo, unaokuja taratibu na kuondoka bila ugomvi. Sababu yake ni ya kiufundi. Uchungu hutokana na kuchemsha hopsi kwa muda mrefu, na kwa kuwa mzigo mbichi haukupata nafasi ya kupimwa maabara, mtengenezaji hajui kwa hakika una nguvu kiasi gani. Kwa hiyo wengi hutumia hopsi kavu zilizopimwa mwanzoni mwa kuchemsha, kisha humwaga mbichi mwishoni kwa ajili ya harufu na ladha. Mafuta mepesi ambayo tanuri lingeyafukuza hubaki ndani ya bia. Katikati ya ulimi husikika kimea chenye utamu wa mkate uliobanikwa, na hicho ndicho kinachoibeba kazi yote. Kimea kikiwa chembamba, bia hugeuka kuwa maji ya majani.

Kasoro zipo, na si ndogo. Maua yakikaa mno kwenye maji ya moto huacha ladha ya kabichi iliyochemka, au ya majani ya chai yaliyosahauliwa kwenye birika, na ukakasi unaong'ang'ania fizi. Mwonjaji wa haki huiita kasoro. Muuzaji huiita ladha ya shambani. Kuna pia tofauti kubwa kati ya mwaka na mwaka, hata kwa jina lile lile, maana mvua na jua vya Agosti huingia moja kwa moja kwenye glasi bila kuchanganywa na akiba ya mwaka uliopita. Mnywaji anayetaka ladha isiyobadilika hana sababu ya kulipia bia hii.

Ubaridi nao unahusika. Ikitolewa karibu na kuganda, kama bia nyingi zinavyotolewa katika baa za nchi za joto, nusu ya harufu hufungwa humo humo. Ikiwa kati ya nyuzi 7 na 10 ndipo hufunguka. Kwa lugha nyingine, itolewe kwenye jokofu, isimame dakika kadhaa, ndipo inywewe.

Baada ya miezi miwili mambo hugeuka. Harufu ya majani ndiyo ya kwanza kuondoka, kisha chenza. Kufika mwezi wa nne, hasa kama katoni zimekaa stoo bila ubaridi, utamu wa kimea hutangulia mbele na kwa mbali huja harufu ya karatasi iliyolowa. Bia hiyo haimdhuru mnywaji, na asiyejua anaweza kuimaliza bila lalamiko. Lakini alichokunywa ni peli-eli ya kawaida kwa bei ya bia ya msimu.

Mtu wa pwani halihitaji somo hili lirudiwe. Tembo la mnazi lililogemwa asubuhi lina bei yake, na la jioni lina bei nyingine.

Ipo pia hila ya maneno ambayo mnunuzi wa jumla anapaswa kuiangalia kwenye lebo. Baadhi ya viwanda huita "hopsi freshi" zile zilizokaushwa lakini zikatumika siku chache tu baada ya mavuno, na zile zisizopita tanurini huziita kwa jina jingine, "hopsi zenye unyevu". Sierra Nevada ya Chico, California, hutofautisha hivyo waziwazi: bia yake ya Celebration, iliyoanza mwaka 1981, hutumia hopsi za mwanzo wa mavuno zilizokaushwa. Ni bia nzuri, ila si mbichi kwa maana inayozungumzwa hapa. Viwanda vingine huandika neno hilo hilo kwa maana ya maua yasiyokaushwa kabisa. Tofauti kati ya hizo mbili ni gharama ya lori la usiku na kilo tano kwa moja, kwa hiyo si ya kupuuzwa wakati wa kupanga bei.

Sierra Nevada hiyo hiyo ndiyo inayotajwa kuwa iliifungulia Marekani njia. Mwaka 1996 ilitengeneza Harvest Ale kwa maua mabichi ya Cascade na Centennial yaliyosafirishwa kutoka Yakima usiku kucha. Wazo lilitoka kwa mfanyabiashara wa hopsi, Gerard Lemmens, aliyewasimulia bia ya namna hiyo iliyokuwa ikitengenezwa Uingereza, ambako kampuni ya Wadworth ya mji wa Devizes ilikuwa imeianza mwaka 1992. Baadaye Deschutes ya Oregon na Great Divide ya Denver ziliingia kwa peli-eli zao za msimu. Kisha, mwaka 2013, familia inayolima hopsi tangu mwaka 1932 ilifungua kiwanda cha Bale Breaker katikati ya shamba lake karibu na Yakima. Hapo suala la lori la usiku lilikwisha, kwani ua hutoka kwenye kamba na kuingia chunguni bila kuvuka barabara kuu.

Mwenye hisa au anayefikiria kuweka fedha katika kiwanda kidogo asipumbazwe na foleni za Oktoba. Bia ya hopsi mbichi huleta watu mlangoni na kulitangaza jina, lakini kiasi chake ni kidogo na faida yake huliwa na usafiri, ubaridi na chupa zinazorudi. Msambazaji makini huagiza kwa idadi ya baa zilizokwisha kuahidi kuchukua, wala hajazi ghala kwa matumaini ya Krismasi. Katoni zinazokutwa Januari kwa punguzo kubwa ni mzigo wa mtu aliyekosea hesabu, na anayezinunua kwa nia ya kuuza tena anahamisha hasara ile ile kwenda mfukoni mwake.

Nyuma ya bia hii lipo soko la hopsi kwa ujumla, nalo limekuwa na misukosuko yake. Oktoba 2006 ghala moja la hopsi liliungua Yakima, na mwaka uliofuata mavuno ya Ulaya yakawa duni. Kufika mwaka 2008, ratili moja iliyokuwa ikipatikana kwa dola chache ilifika zaidi ya dola 20 kwa wasiokuwa na mikataba, na viwanda vidogo ndivyo vilivyoonja joto ya jiwe. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba kampuni ya Boston Beer iliwauzia washindani wake wadogo ratili 20,000 kutoka akiba yake kwa bei ile ile iliyozinunulia.

Somo lililochukuliwa na wengi lilikuwa kufunga mikataba ya miaka mitatu hadi mitano mbele. Wakulima nao wakapanda. Eneo la hopsi nchini Marekani lilipita ekari 60,000 mwaka 2021, wakati ambapo unywaji wa bia za viwanda vidogo ulikuwa umeacha kukua. Viwanda vikajikuta vimefungwa kununua hopsi visizozihitaji, maghala yakafurika, na wakulima wakaanza kuziacha kamba zikiwa tupu. Mwaka 2024 eneo lilikuwa chini ya ekari 45,000.

Katika hali hiyo hopsi mbichi haziokoi shamba. Mkulima huokoa gharama ya moto wa tanuri, lakini humlazimu kusimamisha mashine katikati ya mavuno ili kumpimia mteja mzigo mdogo, huku maua mengine yakizidi kukomaa kwenye kamba. Wapo wanaofanya hivyo kwa ajili ya uhusiano zaidi kuliko fedha: mtengenezaji aliyesimama shambani Septemba ni rahisi kurudi Novemba kuzungumzia mkataba wa zilizokaushwa.

Kwa Afrika Mashariki, kutengeneza bia ya namna hii nyumbani ni jambo gumu kwa sababu za jua. Mmea wa hopsi unataka siku ndefu za kiangazi, za saa 15 na zaidi, ili utoe maua ya kutosha, na karibu na ikweta siku ni ya saa 12 mwaka mzima. Afrika Kusini ililazimika kuzalisha aina zake zinazovumilia siku fupi kidogo, zinazolimwa kuzunguka mji wa George.

Huko George, pamoja na Nelson nchini New Zealand na kisiwa cha Tasmania, mavuno huangukia kati ya Februari na Aprili. Sierra Nevada imewahi kusafirisha kwa ndege hopsi za New Zealand kwa bia ya msimu wa pili, lakini hizo zilikaushwa kwanza. Anayetaka mbichi hasa nje ya Septemba inambidi asafiri mwenyewe kwenda kusini mwezi Machi.