Mustang ya otomatiki: Difu isubiri kwanza

Unaweza kuwa na straika wa hatari, lakini kiungo asipopeleka mpira, hufungi. Ndiyo ishu ya Ford Mustang GT ya 2011. Injini lita 5.0, nguvu farasi 412. Mzigo upo, kazi ni kuufikisha kwenye tairi za nyuma.

Wanaotaka kukimbiza robo maili wengi hukimbilia difu. Ya otomatiki hutoka kiwandani na uwiano wa 3.15, wao wanataka 3.73. Kwa gia ya mkono sawa, namba moja yake ni 3.66. Lakini giaboksi ya otomatiki, 6R80, namba moja ni 4.17. Zidisha kwa 3.15, tayari una 13.1. Weka 3.73, inafika 15.6. Kwa tairi za kawaida hapo ni moshi tu, gari linabaki palepale kama beki aliyepigwa chenga.

Hela ya kwanza basi iende kwenye tairi zinazoshika. Halafu toki konveta, inayounganisha injini na giaboksi kwa mafuta. Ikiwa ya kuteleza zaidi, injini inapanda mizunguko kabla gari halijaondoka. Tamu, ila mafuta yanachemka. Yakiungua, klachi za ndani kwisha habari yake, na giaboksi haina bei ya kitoto. Kwa hiyo rejeta ya mafuta ya giaboksi ifungwe kabla ya konveta.

Difu baadaye, na 3.55 inatosha kwa gari la kwendea kazini. Ikibadilishwa, kompyuta ipangwe upya, maana ndiyo inayoamua gia ziingie wakati gani.