Rangi Haizibi Ufa: Kazi ya Kuipaka Rangi Injini ya Chuma cha Kusubu

Katika Kenya ni wakulima wachache wasioujua mlio wa injini ya Lister ya kinu cha mahindi, unaosikika hata ng'ambo ya bonde. Injini hiyo iliundwa katika mji wa Dursley, Uingereza, tangu mwisho wa miaka ya 1920 hadi miaka ya 1980, na nyingi za mfano wake zimeundwa Rajkot, huko India. Ile ya silinda moja yenye nguvu za farasi 6 huzunguka mara 650 tu kwa dakika, na kwa upole huo huweza kudumu muda wa maisha ya mtu. Ndiyo maana huuzwa na kuuzwa tena, na mara nyingi hupakwa rangi mpya kabla ya kuuzwa. Hapo mnunuzi hana budi kufumbua macho, kwa kuwa rangi ya kijani ing'aayo yaweza kuwa dalili ya kazi njema, au yaweza kuwa kifuniko cha ufa.

Chuma cha kusubu si kama chuma cha jembe. Ndani yake mna kaboni, kiasi cha sehemu 2 hadi 4 katika kila sehemu 100, na nyingi ya kaboni hiyo hukaa kama vijipande vyembamba vya grafiti, ile ile itiwayo katika kalamu ziitwazo za risasi. Kwa hiyo chuma hiki ni kigumu, lakini hakipindiki, hupasuka. Injini ikikaukiwa na maji hata ikapata moto mno, kisha mtu akaimwagia maji baridi, yaweza kupata ufa papo hapo. Tena uso wake una vinyweleo vidogo vilivyonywa mafuta kwa miaka mingi, na hakuna rangi ishikayo juu ya mafuta.

Fundi hodari huanza kwa kuifungua injini yote, hata vizibo vya njia za maji. Rangi za zamani aghalabu zilitiwa madini ya risasi, ambayo ni sumu. Basi huilowesha rangi kuukuu kabla ya kuikwangua, vumbi lisimwingie kifuani. Kisha huosha chuma kwa mafuta ya taa, halafu kwa maji ya moto na sabuni kali, na kurudia mpaka kitambaa cheupe kipite juu yake bila kuchafuka. Kazi hii huchosha, na wengi huiacha nusu. Rangi yao hubambuka kama ngozi ya nyoka kabla ya mavuno ya pili.

Sasa ndio wakati wa kutafuta ufa. Chuma hupakwa mafuta ya taa, huachwa kidogo, hupanguswa kikauke kabisa, kisha hupakwa chokaa nyembamba au unga wa chaki. Kama pana ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka na kuchora mstari mweusi juu ya weupe. Jaribio hili halipiti bei ya chupa moja ya mafuta, nalo limewaokoa wengi na hasara ya kununua mzigo wa chuma kibovu.

Kutu nyepesi huondoka kwa brashi ya waya na msasa. Wengine hupenda kupuliza mchanga kwa hewa ya kompresa, lakini chembe zikibaki katika njia ya mafuta zitazila beringi, na vumbi lake huharibu mapafu. Hata katika injini mpya zilizoigwa, mafundi wengi wamekuta mchanga wa kalibu umebaki ndani ya sanduku la shafti, wakalazimika kuukwangua wote kabla ya kuiwasha.

Baada ya kuoshwa mara ya mwisho, chuma kitupu hakingoji kesho. Katika hewa yenye unyevu, kutu ya rangi ya machungwa huota kabla ya jua kuchwa. Basi hukaushwa kwa hewa au juani, na mara hiyo hiyo hufunikwa kwa utepe wa karatasi mahali pote palipochongwa laini: pa kukalia gasketi, beringi na kichwa cha silinda. Rangi ikiingia chini ya gasketi, maji na mafuta yatavuja. Ikiingia katika hesi za bolti, bolti haitakaza sawasawa. Hufuata rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kisha rangi ya mafuta iliyo ngumu, mara mbili au tatu, nyembamba nyembamba. Iliyopakwa nene hukauka juu ikabaki mbichi chini. Ubavu wa injini ipoayo kwa maji haupati moto kuliko maji yachemkayo, kwa hiyo rangi njema ya mashini yatosha. Bomba la moshi, lenye moto wa mamia ya digrii, hutaka rangi yake ya pekee.

Kipande kimoja hakipakwi kamwe, nacho ni kibati chenye namba ya injini. Kwa namba hiyo muuza vipuri hujua ni pistoni gani na gasketi gani zitakazoiingia. Mnunuzi akiona kibati kimefunikwa kwa rangi, yafaa aombe chupa ya mafuta ya taa na kipande cha chaki kabla ya kutoa fedha mfukoni.