Mtoto Ajue Tatu Ni Ngapi, Si Kuitamka Tu

Si ajabu kumsikia mtoto wa miaka minne akitamka moja hadi ishirini bila ya kukosea. Hata hivyo, akiambiwa alete vijiko vitano, huenda akaja na vyote vilivyomo kikapuni. Mtoto huyo amekariri maneno, bali bado hajaunganisha nambari na idadi ya vitu.

Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliingiza maandalizi katika elimu ya lazima, na msingi wa hesabu hujengwa katika umri huo. Mtoto akifika darasa la kwanza bila ya kujua tano ni kiasi gani, kujumlisha na kutoa huwa ni kubahatisha. Wazazi na walezi wanaweza kuzuia hali hiyo nyumbani, bila ya gharama.

Hatua ya kwanza ni kugusa. Mtoto aguse kitu kimoja kwa kila nambari anayoitamka, asiruke wala asirudie. Kete za bao, maembe au makombe ya pwani yanafaa. Kwa walio chini ya miaka mitatu vitumike vitu vikubwa, wasije wakavimeza.

Hatua ya pili ni kuelewa kwamba nambari ya mwisho ndiyo jumla. Baada ya kuhesabu aulizwe: "Zote ni ngapi?" Akianza tena moja, mbili, tatu, bado anahitaji mazoezi. Kisha aambiwe: "Nipe kete nne." Anayetoa nne kamili ameelewa.

Hatua ya tatu ni kutawanya kete zilezile na kumuuliza iwapo zimeongezeka. Idadi haibadiliki kwa kubadilisha mpangilio.

Lugha yetu nayo ina mambo yake. Tatu hugeuka kuwa watoto watatu, maembe matatu na vijiti vitatu, ilhali sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Ni vyema mtoto avione vikundi hivyo pamoja, atambue kwamba idadi ni moja. Kwa upande mwingine, "kumi na tatu" hujieleza yenyewe: fungu la kete kumi na nyengine tatu kando. "Ishirini" haijielezi, hivyo aonyeshwe mafungu mawili ya kumi.

Sarafu hazifai kuanzia. Sarafu ya shilingi 100 ni kitu kimoja, lakini thamani yake ni mia, na jambo hilo humchanganya mtoto.

Nafasi za kufundisha ni nyingi: kupanga sahani kwa idadi ya walaji, au kuhesabu maembe ya fungu lililonunuliwa Darajani. Dakika chache kila siku zinatosha. Watoto hawaendi kwa kasi moja, hivyo anayechelewa asikaripiwe. Mzazi mwenye wasiwasi anashauriwa kuzungumza mapema na mwalimu wa skuli ya maandalizi.