Tuvilinde Vichwa vya Wachumaji Wetu

Msimu wa karafuu ni neema ya Visiwa vyetu. Tangu utotoni tumeyajua majira hayo kwa harufu ya majamvi yaliyoanikwa uani. Lakini neema hiyo ina machozi yake, na machozi hayo hayaingii katika hesabu ya magunia.

Msimu mmoja, katika kijiji cha Pemba, kijana alianguka kutoka juu ya mkarafuu. Aliinuka, akajipangusa vumbi, akasema, "Sijambo." Wenzake walimshukuru Mola, wakamkanda mgongo, wakamlaza. Usiku alitapika, wakadhani ni uchovu. Alfajiri hakuamka. Watu wakasema siku zake zilikwisha.

Ndugu wananchi, siku za mja zimo katika uwezo wa Mola, wala hapana anayelibishia hilo. Lakini vyuoni tulifunzwa pia kwamba kumfunga ngamia hakupingani na kutawakali. Utabibu unaeleza kuwa pigo la kichwa huweza kupasua mshipa ndani ya fuvu. Damu huvuja polepole, na kwa kuwa fuvu halitanuki, ubongo hubanwa. Ndiyo maana majeruhi huweza kuzungumza na kucheka kwa saa kadhaa kabla ya kupoteza fahamu. Akifikishwa mapema kwa mpasuaji, huweza kuokolewa.

Wako pia wanaopona mwili wakabaki wamebadilika. Mpole huwa mwepesi wa hasira, na fundi hodari husahau kazi yake. Sisi huwaita wavivu au tukasema wamepagawa, kumbe wana jeraha lisiloonekana.

Janga hili si la wachumaji peke yao. Wamo wakwezi wa minazi, waashi na wapanda pikipiki. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyotolewa mwaka 2008 yalionyesha kuwa kofia ngumu humpunguzia mpanda pikipiki hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69, na ya kufa kwa asilimia 42. Lakini kofia iliyotundikwa kwenye usukani hailindi kitu ila usukani.

Serikali imepiga hatua. Tangu mwaka 2014 Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, ina taasisi ya upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo. Hata hivyo, baina ya Pemba na Unguja pana bahari ya kilomita zipatazo 50, na damu inayovuja haingoji meli. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya vijijini.

Wenye mashamba wakague kamba na matawi kabla ya kupandisha watu, wasiruhusu kupanda wakati miti imerowa, na watoto wasipandishwe kabisa. Masheha wapange usafiri wa majeruhi kabla msimu haujaanza. Askari wasimamie uvaaji wa kofia bila ya kuoneana haya.

Na kila mwananchi ajue haya. Aliyeanguka asiinuliwe kwa pupa, shingo yake isipindwe, asilishwe wala asinyweshwe. Abebwe juu ya ubao au mlango. Akiwa alizimia hata kwa dakika moja, akitapika mara kwa mara, akisinzia kuliko kawaida, akiumwa na kichwa kwa kuzidi, akitokwa na damu au maji puani au masikioni, au mboni zake zikitofautiana, apelekwe hospitali saa ile ile, japo mwenyewe aseme hajambo.

Mwisho, tunawaomba viongozi wa wilaya jambo moja. Kila pishi ya karafuu hupimwa na kuandikwa. Basi kila anayeanguka naye aandikwe: shamba gani, saa ngapi, alifikishwa hospitali baada ya muda gani, na hali yake baada ya miezi sita. Tusipowahesabu walioanguka, hatutajua tunawapoteza wangapi, wala wapi pa kuanzia kuwaokoa.