Maelezo ya Kiolesura na Maana ya "Duara"

Neno likitengwa na muktadha wake hupoteza sehemu ya maana. Hayo ndiyo humkuta mfasiri wa programu za kompyuta: aghalabu hukabidhiwa orodha ya maneno ya vitufe pasi na kuiona skrini. Tangu Jambo OpenOffice ilipotolewa mwaka 2004 kwa ushiriki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, istilahi zimeongezeka. Maelezo ya matumizi yake bado ni haba.

Chukua neno "duara". Kwa mwalimu wa hisabati ni umbo; kwa mchimbaji mdogo wa Nyarugusu, Geita, au Mwakitolyo, Shinyanga, ni shimo la dhahabu. Sarufi nayo ina madai yake. Kiingereza hutosheka na umbo moja la kuarifu kwamba kitu kimefutwa. Kiswahili hudai leseni imefutwa, kibali kimefutwa, duara limefutwa.

Faili za XML zinazopanga kiolesura huruhusu maelezo baina ya alama maalumu, ambayo hayaonekani kwenye skrini. Mtunzi wa programu akieleza humo maana na ngeli ya kila neno, programu nyingine huweza kuyakusanya na kuzalisha mwongozo upya kila faili zibadilikapo.

Kukusanya ni kazi ya mashine. Kueleza maana ni kazi ya ajuaye. Asipoeleza, mchimbaji atabonyeza "Futa duara" akidhani anafuta mchoro, kumbe amefuta kumbukumbu za jasho lake.