Urari wa Macho: Vina na Mizani katika Picha za Njia ya Ushirombo

Utangulizi

Sisi wanafunzi wa fasihi tuna ugonjwa mmoja. Tukisikia neno "urari" tunakimbilia shairi. Tunahesabu mizani kwa vidole, tunachungulia vina vya kati na vya mwisho, tukimaliza tunasema fani imekwisha, sasa twende kwenye maudhui. Makala haya yanakusudia kulitoa neno hilo darasani na kulipeleka barabarani, katika sanaa ya picha za kamera. Nitaeleza jinsi mpiga picha anavyotafuta mstari wa kuviunganisha vitu vilivyo mbalimbali, awe anapiga mandhari, yuko safarini au amesimama mtaani. Mifano mingi nimeichukua nyumbani Ushirombo, makao makuu ya wilaya ya Bukombe, ambayo ilikuwa mkoa wa Shinyanga mpaka mwaka 2012 ilipoingia katika mkoa mpya wa Geita. Hoja yangu ni moja: urari, katika picha kama katika shairi, husema jambo, na aliyeupanga anawajibika kwa kilichosemwa.

Urari wa picha ni nini?

Tuanze na tunachokijua. Katika tarbia ya kawaida mshororo una mizani 16, nane kila upande, na kina cha mshororo mmoja kinamwita mwenzake wa mshororo unaofuata. Kaluta Amri Abedi aliyaeleza mambo haya katika Sheria za Kutunga Mashairi (1954), na mpaka leo hakuna mwanafunzi asiyeyakuta. Lakini ni nadra kuulizana: kina kinafanya kazi gani? Kazi yake ni kuyakutanisha maneno ambayo kimaana hayakuwa na undugu. Mshairi akimalizia mshororo mmoja kwa "dhahabu" na wa pili kwa "adhabu", sikio linaamini kuwa mawili hayo yametoka tumbo moja, hata kabla akili haijaulizwa. Kwetu kwenye machimbo mtu hahitaji kushawishiwa sana.

Picha inafanya hivyo hivyo kwa jicho. Kiswahili kimetupa neno moja kwa mambo mawili: kina cha maji na kina cha shairi. Picha hukipoteza kina cha kwanza, maana karatasi ni bapa, na kioo cha simu ni bapa vilevile. Mti ulio hatua mia mbili nyuma ya mtu unakuja kukaa begani kwake. Basi kwa kukipoteza kina kile, picha inapata hiki cha pili: vitu vya mbali na vya karibu vinakaa mstari mmoja na kuanza kuitana.

Mstari huo unapatikana kwa miguu. Hebu nyoosha kidole mbele ya uso, fumba jicho moja, kisha sogeza kichwa kushoto. Kidole kinaruka, ukuta wa nyuma unabaki karibu palepale. Ndiyo siri yote. Cha karibu huhama sana unaposogea, cha mbali huhama kidogo, kwa hiyo hatua moja tu inaweza kuvikutanisha au kuvitenganisha. Kuvuta picha kwa lenzi bila kuondoka mahali ulipo hakubadilishi nani yuko nyuma ya nani. Kunakata ukingo tu. Mpiga picha aliyeganda mahali pamoja akizungusha lenzi ni sawa na mshairi anayebadilisha mwandiko akitarajia vina vitengemae.

Mandhari

Nchi ya Bukombe si ya milima mirefu. Ni misitu ya miombo, mashamba, vichuguu na upeo ulionyooka. Wageni husema hakuna cha kupiga. Ukweli ni kwamba nchi ya namna hii inamlazimisha mtu kujifunza urari, kwa sababu hakuna mlima wa kumbeba. Upeo wa macho ndio mshororo wako. Ukisimama wima, upeo unaweza kumkata shingo mtu aliye mbele yako. Ukichuchumaa, kichwa chake kinapanda juu angani na mtu anaonekana mzima, ana hadhi. Kichuguu cha karibu kinaweza kurudia umbo la kilima kidogo cha mbali, na hapo tayari una vina viwili.

Jambo la pili ni jua. Saa zetu zinafuata longitudo ya digrii 45 mashariki, ilhali Ushirombo ipo karibu na digrii 32. Matokeo yake, jua letu linafika kati ya anga kama dakika 50 baada ya saa sita mchana, karibu nusu saa nyuma ya Dar es Salaam. Tena mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba, linapita karibu utosini kabisa. Saa hiyo kivuli kinajificha chini ya nyayo, na kivuli ni nusu ya urari wa mandhari. Anayetaka vivuli virefu vinavyochora mistari ardhini asubiri jioni, na huku kwetu jioni inachelewa kidogo kuliko pwani.

Safari

Ushirombo ni mji wa njia. Barabara ya kutoka Isaka kwenda Lusahunga inapita hapo, na juu yake yanapita malori ya Rwanda, Burundi na Kongo. Kingo mbili za lami zinakutana mbele kama mishororo inayokimbilia kina kimoja. Ndiyo maana kila abiria mwenye simu anapiga picha ya barabara. Tatizo ni kwamba picha hizo zote ni moja. Mistari ipo, ila haina wa kumwita. Inahitaji kitu pale inapokutana: mwendesha baiskeli mwenye magunia ya mkaa, au mama anayevuka. Kwa jumla barabara inaelekea kaskazini-magharibi, kwa hiyo ni jua la katikati ya mwaka, linapotua likiwa limeegemea kaskazini, ndilo linalokaribia zaidi mstari wake.

Ugumu wa safari ni kwamba hatua za miguu huna. Gari ndilo linakutembeza. Kwa hiyo msafiri hutabiri: anaona nguzo inakuja, anaona mtu amekaa chini ya mwembe, anangoja vikutane dirishani. Ni sawasawa na malumbano ya papo kwa papo, ambapo mjibuji anakisikia kina kabla hakijafika.

Mtaani

Mtaani ndiko kwenye utamu. Mfaransa Henri Cartier-Bresson, mwaka 1932, alipiga picha nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare jijini Paris. Mwanamume anaruka dimbwi. Nyuma yake, ukutani, kuna bango lenye mchoro wa mchezaji dansi aliyeruka vilevile, na majini vivuli vyao vinarudia. Jamani, kama hicho si kina, kina ni nini? Mwaka 1952 alitoa kitabu kilichoujulisha ulimwengu juu ya ile nukta ya wakati ambapo mambo yote yanakaa mahali pake.

Kinachotuhusu zaidi ni kwamba yeye mwenyewe alisema picha iliyomwasha ni ya Martin Munkácsi, mpiga picha kutoka Hungaria: wavulana watatu Waafrika wanakimbilia majini, mikono na miguu imepangana utadhani wamepimwa kwa kamba. Kwa miaka mingi picha hiyo imeandikiwa kuwa ni ya Ziwa Tanganyika, lakini wapo watafiti wanaosema ilipigwa Liberia. Tazama jambo hili. Urari wa miili umehifadhiwa vizuri mno, lakini wavulana hawana majina, na hata maji yao yana utata. Fani imebaki, watu wamepotea.

Nani mwenye mstari?

Hapo ndipo penye uzito. Ushirombo ina misheni iliyofunguliwa na White Fathers mwaka 1891. Picha nyingi za misheni za zama zile Afrika Mashariki ni safu: watoto mbele, mapadri katikati, jengo nyuma. Urari huo unasoma kama hotuba: nani anaongoza, nani anafuata. Upande wa pili, katika miaka ya 1990, wapiga picha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, walikuwa na vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majumba. Kibarua aliyetoka bara alisimama mbele ya ndege ambayo hajawahi kuipanda, akatuma picha nyumbani. Mstari kati ya mtu na ndege ulikuwa wa uongo, sawa, lakini mwenye uongo ni mteja mwenyewe. Aliuchagua na akaulipia.

Sasa chukua mfano wa kwetu. Likizo iliyopita nilifuatana na kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, ambaye anapiga picha za harusi na vitambulisho. Tulipita kwa bibi mmoja jirani, tukamwamkia, akakubali kupigwa picha akiwa amekaa mbele ya jiko lake. Macho yake ni mekundu kwa moshi wa miaka mingi. Nyuma yake, ukutani, ulitundikwa ungo. Kutoka tuliposimama ungo ule ulikaa juu ya kichwa chake barabara, duara kamili. Ukiipeleka picha ile Ulaya watasema ni taji, watasifu umbo. Lakini katika mikoa yetu, vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na macho mekundu yamefanywa ushahidi. Na kila mtoto wa Kiswahili anajua wachawi wanasafiri na nini.

Kaka hakubonyeza. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Dogo, tukiacha hivi tumemuua bibi." Akasogea hatua mbili kulia, akachuchumaa. Ungo ukahama kichwani, ukaja kukaa juu ya kinu na mchi, na mkono wa bibi ukaelekea kwenye kapu la mahindi. Vitu ni vilevile, mwanga ni uleule. Picha ya kwanza ilikuwa mashtaka, ya pili ni ya mama aliyelisha watu nyumba nzima.

Wapo watakaosema basi tuachane na urari, tupige ovyo. Mjadala huo tuliwahi kuuona katika ushairi. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alipotoa Kichomi mwaka 1974 alivunja vina na mizani, na wanamapokeo wakalalamika kwamba ushairi umekufa. Haukufa. Ila hata shairi huru lina mpangilio wake, na picha iliyopigwa "bila kupanga" bado ina mtu mbele na kitu nyuma. Ungo ungebaki kichwani kwa bibi hata kama mpiga picha hakuukusudia. Kutokukusudia hakumwondolei bibi hatari.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba urari wa picha unatokana na mahali mtu anaposimama, kwamba unafanya kazi ya kina cha shairi, na kwamba unaunganisha mambo kabla mtazamaji hajafikiri. Kwa sababu hiyo uhakiki wa picha unastahili nafasi katika kurasa hizi. Mhakiki asiishie kusema mistari imepangika vizuri. Aulize mstari huo unamfunga nani na nini, na kama aliyefungwa ana habari. Swali la mwisho ni jepesi, hata wa mwaka wa kwanza analiweza: mpiga picha angesogea hatua mbili, tungesoma nini?